Urejeshaji wa mifumo ikolojia mjini Kigoma-Ujiji

Urejeshaji wa mifumo ikolojia mjini Kigoma-Ujiji ni kazi ya kurudisha uoto, udongo, mikondo ya maji na fukwe za mji huo wa magharibi mwa Tanzania katika hali ya kuweza kujiendesha tena, baada ya kuharibiwa na ukataji wa miti, ujenzi, kilimo cha miteremko na taka. Kazi hiyo inahusu kata za sehemu za juu, kama vile Gungu, sawa na kata za ufukoni, kama vile Kibirizi, kwa sababu udongo unaochukuliwa na mvua kutoka miteremkoni huishia katika Ziwa Tanganyika.

Mwambao wa Kigoma ni miongoni mwa sehemu za Tanzania ambazo ikolojia yake imechunguzwa kwa muda mrefu. Watafiti wa samaki, wa matope ya ziwani na wa sokwe mtu wamefanya kazi huko kwa miongo mingi. Kwa hiyo swali kubwa la urejeshaji katika mji huu si kupata ujuzi tu, bali pia kuufikisha kwa wale wanaoshika jembe, wavu na mwiko wa kujengea.

Maana

Mfumo ikolojia ni jumla ya viumbehai wa mahali fulani pamoja na udongo, maji na hewa vinavyowategemeza, na mahusiano yote kati yao. Mji pia una mifumo ikolojia: bustani, makorongo, mabwawa, miti ya barabarani, ardhioevu na ufuko.

Urejeshaji hutofautiana na upandaji miti wa kawaida. Kupanda miche elfu moja ya aina moja kwenye kilima kunaweza kukifunika kwa majani bila kurudisha nyasi, wadudu, ndege na udongo uliokuwepo. Urejeshaji hulenga uhai mzima wa mahali, nao hupimwa kwa kuuliza kama maji yanapenya tena ardhini, kama udongo umetulia, na kama mimea inajizalia yenyewe.

Umoja wa Mataifa ulitangaza miaka ya 2021 hadi 2030 kuwa Muongo wa Urejeshaji wa Mifumo Ikolojia. Mwezi Desemba 2022 nchi zilizokutana Montreal, Kanada, zilikubaliana kwamba kufikia mwaka 2030 angalau asilimia 30 ya maeneo yaliyoharibika yawe katika urejeshaji. Makubaliano hayo yanataja pia umuhimu wa maeneo ya kijani na ya maji mijini.

Mahali na mazingira

Kigoma-Ujiji ni manispaa na makao makuu ya Mkoa wa Kigoma. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2012 ilikuwa na wakazi 215,458, na katika sensa ya mwaka 2022 walihesabiwa 232,388. Ujiji ni mji wa zamani wa biashara ambao Burton na Speke waliufikia mwaka 1858, na ambako Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871. Kigoma ilikua zaidi baada ya reli ya kati kufika bandarini mwaka 1914.

Mji umejengwa juu ya vilima vinavyoshuka hadi ziwani, kwenye kimo cha mita 775 hivi juu ya usawa wa bahari. Mvua hunyesha hasa kuanzia Novemba hadi Aprili, kwa wastani wa takriban milimita 1,000 kwa mwaka. Uoto wa asili wa eneo hili ni miyombo, vichaka vya nyasi na misitu ya kando ya vijito. Michikichi, ambayo hutoa mawese, imepandwa kwa wingi, na mto Luiche unaoingia ziwani kusini mwa Ujiji una delta yenye mashamba na ardhioevu.

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, nalo ni la pili duniani kwa kina baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Linagawanywa na nchi nne: Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Zambia. Lina takriban asilimia 17 ya maji matamu yaliyo juu ya ardhi duniani yasiyo barafu. Hata hivyo sehemu kubwa ya maji hayo haina oksijeni. Upande wa kaskazini oksijeni hufika kina cha mita 100 hivi tu, na upande wa kusini hufika mita 200 au zaidi kidogo. Kwa kuwa kingo za ziwa zina mteremko mkali, eneo la sakafu ambapo samaki na konokono wanaweza kuishi ni ukanda mwembamba unaozunguka ziwa kama pindo la kanga. Ukanda huo ndio ulio karibu zaidi na nyumba, mashamba na mitaro ya mji.

Jinsi mji unavyoathiri ziwa

Mteremko ukiwa na miti na nyasi, matone ya mvua huangukia majani kwanza, maji hupenya ardhini polepole, na mizizi huushika udongo. Mteremko ukiwa mtupu, maji hutiririka juu ya ardhi kwa kasi na kuchukua udongo wa juu wenye rutuba. Mabati ya nyumba na barabara ngumu huongeza kasi hiyo, kwa sababu maji yote hukusanyika mahali pamoja. Pasipo mtaro imara huanza mfereji mdogo, na baada ya misimu michache unakuwa korongo linalotishia msingi wa nyumba.

Udongo huo ukifika ziwani husambaa na kutua juu ya mawe. Madhara yake ni haya:

- Mwani unaoota juu ya mawe hufunikwa na tope, na samaki na konokono wanaoukwangua hukosa chakula kizuri.
- Nafasi kati ya mawe, ambako samaki wengi hujificha na kutagia, huzibwa.
- Maji huwa machafu, mwanga hupungua na mimea ya majini hukua kwa shida.
- Mbolea na kinyesi vinavyosafiri pamoja na udongo huchochea mwani usiotakiwa na kueneza magonjwa ya tumbo.

Ziwa lina zaidi ya spishi 200 za samaki wa familia ya Cichlidae, ambayo ndiyo familia ya perege na sato, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote. Baadhi yao, kama wale wa jenasi Tropheus, huishi kwenye mawe ya maji mafupi tu na hawavuki eneo pana la mchanga. Ndiyo sababu kila sehemu ya mawe ina kundi lake lenye rangi zake. Sehemu moja ikifunikwa na tope, kundi lake halina pa kuhamia.

Dagaa na migebuka, samaki wanaolisha watu wengi na kuingiza fedha Kigoma, huishi zaidi katika maji ya wazi. Hata hivyo wavuvi huleta na kuanika samaki wao kwenye fukwe za mji, na wakazi wengi huchota au hutumia maji ya ziwa. Uchafu wa ufuko huwagusa wote hao.

Historia ya utafiti

Mwaka 1991 ulifanyika Bujumbura mkutano wa kwanza wa kimataifa kuhusu hifadhi na bioanuwai ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1993 mwanajiolojia Andrew Cohen na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha sehemu za ziwa zilizo jirani na ardhi iliyoharibiwa na zile zilizo jirani na ardhi yenye miti. Walihesabu, pamoja na viumbe wengine, ostrakodi, yaani krasteshia wadogo sana wenye magamba mawili. Penye udongo mwingi kutoka nchi kavu idadi ya spishi ilikuwa ndogo zaidi, na katika baadhi ya maeneo tofauti ilikuwa kati ya asilimia 40 na 62. Utafiti huu ulionyesha kwamba udongo wenyewe, hata usipokuwa na sumu, ni uchafuzi.

Kati ya miaka 1995 na 2000 nchi nne za ziwa ziliendesha Mradi wa Bioanuwai wa Ziwa Tanganyika kwa fedha za Mfuko wa Mazingira wa Dunia kupitia Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Mradi ulichunguza uchafuzi, mashapo, bioanuwai, uvuvi, maisha ya watu na elimu ya mazingira. Watafiti walichukua pia sampuli ndefu za matope kutoka sakafu ya ziwa. Matope hayo hujipanga kwa tabaka mwaka baada ya mwaka, hivyo kwa kuyasoma inajulikana lini udongo ulianza kuingia kwa wingi. Upande wa kaskazini mwa Tanzania ongezeko kubwa lilionekana kuanzia miaka ya mwanzo ya 1960, wakati mvua nyingi kupita kiasi ziliponyesha juu ya ardhi iliyokwisha kupoteza miti.

Kuanzia mwaka 1998 kituo cha Kigoma cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) kilikuwa mwenyeji wa Mradi wa Nyanza, uliofundisha wanafunzi wa Kiafrika na wa Kimarekani mbinu za kuchunguza ziwa. Wanafunzi hao walipima maji, samaki, konokono na matope ya eneo la Kigoma.

Tafiti nyingine zilihusu joto. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walieleza kwamba kupanda kwa joto kumepunguza kuchanganyika kwa maji ya juu na ya chini, na hivyo kupunguza uzalishaji wa mwani kwa takriban asilimia 20. Mji wa Kigoma hauwezi peke yake kuzuia joto la dunia, lakini unaweza kupunguza udongo na taka. Samaki waliokwisha kulemewa na joto huathirika zaidi wakiongezewa na tope.

Mfano wa TACARE

Kaskazini mwa mji kuna Hifadhi ya Taifa ya Gombe, ambako Jane Goodall (1934–2025) alianza kuchunguza sokwe mtu mwezi Julai 1960. Boti za kwenda Gombe na vijiji vya mwambao huondokea Kibirizi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Goodall aliruka kwa ndege ndogo juu ya eneo hilo na kuona vilima vilivyo nje ya hifadhi vimebaki vitupu. Picha za satelaiti za mwaka 1972 na 1999 zilipolinganishwa baadaye zilionyesha jambo hilo waziwazi: msitu ulibaki ndani ya mipaka ya hifadhi na kupotea nje yake.

Mwaka 1994 Taasisi ya Jane Goodall ilianzisha Kigoma mradi wa TACARE, uliolenga upandaji miti na elimu katika eneo linalomwaga maji yake ziwani. Mambo matatu kutoka mradi huo hutajwa mara nyingi katika majadiliano ya urejeshaji.

La kwanza ni kuanza na mahitaji ya watu. Wanavijiji walipoulizwa hawakutaja sokwe wala msitu kwanza. Walitaja afya, maji, shule na chakula. Mradi ukaingiza huduma hizo pamoja na mikopo midogo, hasa kwa wanawake, ndipo mazungumzo kuhusu misitu yakapata nafasi.

La pili ni kuacha asili ifanye kazi yake. Mwanzoni jitihada kubwa iliwekwa kwenye vitalu vya miche. Baadaye ilionekana kwamba penye visiki na mizizi hai, mteremko ukilindwa dhidi ya moto na shoka, miti ya asili huchipua yenyewe, kwa gharama ndogo na kwa mchanganyiko wa spishi unaofaa mahali hapo.

La tatu ni ramani. Mtaalamu wa picha za satelaiti, Lilian Pintea, na wenzake walichapa picha zenye kuonyesha vitu vidogo na kuzipeleka vijijini. Watu walitambua vijito, njia na mashamba yao, wakaonyesha wenyewe mahali penye hatari na mahali pa kuacha msitu. Hadi mwaka 2009 vijiji 13 vilikuwa vimekamilisha mipango ya matumizi bora ya ardhi na kutenga misitu ya hifadhi ya kijiji, mingi kwenye miteremko mikali. Walinzi wa misitu waliochaguliwa na vijiji walianza kutumia simu kuandika walichokiona, na taarifa hizo zikarudi katika mikutano ya vijiji.

Hapa mkulima hakuwa mpokeaji tu wa maagizo ya mtafiti. Alisoma data kwa macho yake, akaisahihisha na kuitumia kuamua.

Tofauti ya kijiji na mji

Mfano wa TACARE hauhamishiki wote mzima hadi mitaa ya Gungu, Mwanga au Ujiji. Kijijini ardhi husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji na Mkutano Mkuu wa Kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kuwa na hifadhi yake ya msitu. Mjini ardhi imegawanywa kwa viwanja chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Hakuna mkutano wa mtaa wenye mamlaka ya kutenga kilima chote.

Kwa hiyo urejeshaji mjini hufanywa vipande vipande: uwanja wa shule, eneo la zahanati, kingo za korongo, hifadhi ya barabara, makaburi, ua wa nyumba na ukanda wa ufuko. Faida yake ni kwamba kila kipande kina mwenyewe anayejulikana. Hasara yake ni kwamba maji hayajali mipaka ya viwanja: kazi nzuri ya mwenye nyumba wa chini inaweza kuharibiwa na mtaro mbaya wa mwenye nyumba wa juu. Kwa sababu hiyo wataalamu hushauri kuanza juu ya mteremko na kushuka, na kuwakutanisha majirani wa mkondo mmoja hata kama ni wa mitaa tofauti.

Sheria na taasisi

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu, au zinazoweza kuathiri mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au ufuko. Msingi wake ni wa kiikolojia: ukanda wa mimea kando ya maji huchuja tope na uchafu kabla haujaingia. Umuhimu wa ukanda huo ulionekana pia ziwa lilipopanda sana katika miaka ya 2020 na 2021, na tena mwaka 2024, ambapo maji yaliingia katika makazi na maeneo ya biashara ya mwambao, yakiwemo ya Kibirizi.

Tarehe 12 Juni 2003 nchi nne zilitia saini jijini Dar es Salaam Mkataba wa Usimamizi Endelevu wa Ziwa Tanganyika, ulioanza kutumika mwaka 2005. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao yake Bujumbura ilianzishwa mwaka 2008 ili kuusimamia. Kwa upande wa Tanzania, Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika ina makao makuu mjini Kigoma. Kuanzia mwaka 2019 mradi wa LATAWAMA, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, umeshughulikia upimaji wa ubora wa maji, maji taka na taka ngumu katika miji ya mwambao, Kigoma ikiwemo.

Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Hatua hiyo ni mfano wa utafiti wa samaki kuwa amri ya serikali. Ilionyesha pia kwamba amri inayogusa mlo wa watu huhitaji maelezo ya kutosha kabla ya kuanza kutumika.

Mbinu zinazofaa miteremko na fukwe

Kulinda kilichobaki. Kipande kidogo cha uoto wa asili kwenye korongo au kando ya kijito ni hazina ya mbegu. Kukilinda ni nafuu kuliko kuanza upya.

Kisiki hai. Visiki vinavyochipua huchaguliwa, machipukizi machache yenye nguvu huachwa na mengine hupunguzwa. Mbinu hii ilienezwa nchini Niger katika miaka ya 1980 na Tony Rinaudo, na nchini Tanzania imeenezwa mkoani Dodoma na shirika la LEAD Foundation kwa jina hilo la Kisiki Hai. Miti mingi ya miyombo huchipua vizuri kutoka visiki na mizizi.

Kupunguza kasi ya maji. Makinga maji yanayofuata kontua, matuta ya mawe, na mistari ya vetiva au mabingobingo huyapa maji muda wa kupenya ardhini. Kuvuna maji ya bati kwenye tangi hupunguza pia mzigo wa mtaro, na kuipatia nyumba maji.

Kutibu korongo. Vizuizi vidogo vya mawe au magogo huwekwa kwa ngazi kutoka juu hadi chini, si kimoja kikubwa chini. Tope likijaa nyuma ya kizuizi hupandwa nyasi na vichaka. Kutupa taka korongoni hakuponyi korongo. Mvua kubwa huzibeba zote hadi ziwani.

Kurudisha matete. Matete na mimea mingine ya ardhioevu kwenye midomo ya vijito hushika tope na kuwa makazi ya samaki wachanga.

Kuchagua miti kwa mahali. Miti ya matunda, kama mwembe, hufaa uani kwa sababu mwenye nyumba ataitunza. Mikaratusi haifai karibu na vyanzo vya maji kwa kuwa hunywa maji mengi. Kwenye mteremko mkali nyasi na vichaka hutangulia, miti hufuata.

Kudhibiti taka. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Hata hivyo chupa, nyavu chakavu na taka za masoko bado huhitaji kukusanywa kabla ya mvua za kwanza za Novemba, ambazo ndizo zinazosafisha mitaro kwa kuipeleka ziwani.

Njia za kufikisha utafiti kwa watekelezaji

Watekelezaji ni wakulima, wavuvi, mafundi ujenzi, walimu, maafisa ugani, watendaji wa kata, wenyeviti wa mitaa na vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU). Machapisho mengi kuhusu Ziwa Tanganyika yameandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa na kutolewa katika majarida ya kisayansi. Fundi wa Gungu anayechimba msingi hawezi kujua kwamba udongo anaoutupa mtaroni umechunguzwa na kupimwa. Njia zilizoonyesha manufaa ni hizi:

- Ramani na picha kubwa zinazowekwa mezani watu wakiwa wamezizunguka, kama ilivyofanyika chini ya TACARE.
- Majina ya wenyeji. Mti au samaki akitajwa kwa jina la Kiswahili au la Kiha, mzee wa mtaa anaweza kueleza ulikuwa wapi na uliisha lini. Jina la Kilatini hubaki kwa ajili ya kumbukumbu.
- Vipimo rahisi. Sahani ya Secchi, iliyoitwa kwa jina la mwanasayansi wa Italia Angelo Secchi aliyeianzisha mwaka 1865, ni sahani yenye sehemu nyeupe na nyeusi inayoshushwa majini kwa kamba hadi isionekane. Katika maji ya wazi ya Ziwa Tanganyika huweza kuonekana hadi mita kumi na zaidi. Karibu na mdomo wa kijito wakati wa mvua hupotea mapema sana. Wanafunzi wa sekondari wanaweza kuitengeneza na kuweka kumbukumbu ya miezi yote.
- Klabu za shule. Mpango wa Roots & Shoots ulianzishwa na Goodall mwaka 1991 jijini Dar es Salaam pamoja na kikundi kidogo cha wanafunzi, na baadaye ukaenea katika nchi nyingi.
- Kutembeleana. Mkulima humwamini mkulima. Kuona korongo lililopona kwenye kata ya jirani hushinda hotuba.
- Kurudisha majibu. Mtafiti aliyechukua sampuli au kuhoji watu anapaswa kurudi kuwaeleza alichopata, kwa muhtasari wa ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoachwa ofisi ya kata na shuleni.

Ujuzi husafiri pia kwa upande wa pili. Wavuvi wa Kigoma wanafahamu kipindi cha upepo wa kusini, kati ya Mei na Septemba, unapokoroga ziwa. Wanajua mahali ambapo mawe yamefunikwa na mchanga tangu utoto wao. Mambo hayo humsaidia mtafiti kujua aulize nini na apime wapi.

Mifano mingine Afrika Mashariki

Mombasa, Kenya, mwaka 1971 René Haller alianza kurejesha machimbo ya mawe ya matumbawe ya kiwanda cha saruji cha Bamburi. Kati ya spishi 26 za miti alizojaribu, chache sana zilistahimili, na mvinje ndiyo uliofaulu zaidi. Majani yake makavu hayakuoza haraka, hadi majongoo walipoletwa kuyala na kutengeneza udongo. Machimbo hayo sasa ni bustani ya Haller Park. Somo lake ni kwamba kiumbe mdogo anaweza kuwa kiungo kilichokosekana.

Kampala, Uganda, utafiti wa mwaka 1999 ulikadiria kwamba ardhioevu ya Nakivubo, ambayo husafisha maji taka ya jiji kabla hayajafika Ziwa Viktoria, ina thamani ya kati ya dola milioni 1 na 1.75 kwa mwaka. Hesabu hiyo iliwasaidia wapangaji wa serikali kuelewa kwamba kinamasi si ardhi ya bure. Hata hivyo uvamizi wa ardhioevu hiyo uliendelea, jambo linaloonyesha kwamba taarifa nzuri pekee haitoshi pasipo usimamizi wa sheria na njia mbadala za maisha kwa wanaoitegemea.

Changamoto

Changamoto kuu za urejeshaji mjini Kigoma-Ujiji ni hizi:

- Nishati ya kupikia. Kaya nyingi hutegemea kuni na mkaa, hivyo mti unaopandwa mjini hulipiwa na mti unaokatwa nje ya mji.
- Muda wa miradi. Mradi wa kawaida huisha baada ya miaka michache, ilhali mteremko huhitaji miaka kumi au zaidi kupona. Miche inayopandwa siku ya sherehe bila mtu wa kuimwagilia wakati wa kiangazi hufa kabla ya Novemba.
- Kuhesabu visivyo. Idadi ya miche iliyopandwa hutangazwa. Idadi iliyo hai baada ya miaka mitatu huulizwa mara chache.
- Ardhi ya mita 60. Baadhi ya watu waliishi au kufanya kazi ufukoni kabla ya sheria kutungwa. Kuwaondoa bila mahali pa kuanikia samaki au kuegeshea mitumbwi huleta ugomvi, na mara nyingi hurudi.
- Kumbukumbu kupotea. Ripoti za miradi iliyokwisha husambaa katika ofisi mbalimbali, na afisa mpya huanza upya jambo lililokwisha kuchunguzwa.

Kwa kuwa maji ya Ziwa Tanganyika hutoka polepole mno kupitia mto Lukuga, kinachoingia humo hubaki kwa muda mrefu sana. Tope likishafunika mawe hakuna mashine ya kulizoa. Kwa sababu hiyo wataalamu wa ziwa hukubaliana kwamba mahali pa kuliponya si majini, bali ni juu ya vilima, kwenye mitaro na viwanja vya watu.